Mshipi Niliouziwa Singida Mjini, Nikaenda Nao Mto Sibiti

Niliondoka Sepuka kwa sababu ya chakula cha kupewa. Tangu mgodi uniporomokee sina mgongo wa jembe. Tulikuwa sita ndani ya shimo, tukatoka wawili. Mwenye shimo anaitwa Lameck, na namtaja kwa jina kwa sababu yeye alisikia magogo yanayoshikilia shimo yakilia tangu asubuhi na akanyamaza, akataka kwanza mzigo utoke. Miaka tisa nimekaa kwa mdogo wangu. Mke wake ni mtu mzuri, lakini sahani anayokuletea mtu kila siku kwa miaka tisa, inafika mahali unaiona inakusema.

Basi shemeji yangu, Mama Salome, mdogo wa marehemu mke wangu, anakaa huko Mkalama karibu na mto Sibiti. Akanipigia simu: "Shemeji, huku watu wanavua kambare wamekaa. Mto hauulizi mgongo. Njoo na mshipi wako, ukiweza utakula jasho lako." Kula jasho langu! Hilo neno lilininyima usingizi. Nikauza mbuzi wangu wawili, nikapanda gari.

Jumatano, saa tatu asubuhi, Singida mjini. Sijawahi kununua kitu cha kuvulia tangu nizaliwe. Niliingia kwanza duka la Babu Nathu, mzee wa Kihindi ambaye baba yangu alikuwa akinunua kwake misumari. Nikamwamkia. Akauliza, "Unavua ziwani au mtoni?" Nikasema mtoni. Akainama chini ya meza, akatoa sanduku la bati, ndani yake mshipi wa rangi ya matope, mnene, haupendezi hata kidogo.

"Chukua huu, mita thelathini zinakutosha. Ndoana tano. Kipande cha risasi cha kuzamishia. Fimbo usinunue, kata ufito huko huko."

"Ndiyo vyote?"

"Wewe ni mwanafunzi. Vingine utajua mwenyewe baada ya mwaka."

Mimi nikaona ananidharau. Nimekuja na nguo za shamba, ameniona maskini, ananipa uchafu wa kwenye sanduku. Nikasema nitarudi. Wala sikuwa na nia ya kurudi.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la Fadhili. Huyu naye namtaja. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mdomo umepakwa asali. Mlangoni kwake misokoto ya mshipi imening'inia juani, inang'aa bluu na kijani mpaka macho yanauma. Ndani ana mfuko mrefu wenye zipu: fimbo inayochomoka kwa vipande, gurudumu la kuzungushia mshipi, ndoana rangi ya dhahabu, miwani nyeusi, na kizibao chenye mifuko kumi na mbili. Niliihesabu.

"Mzee wangu, hii ni seti kamili ya kuanzia. Ukifika mtoni na ufito wa porini watakucheka."

"Mshipi wenyewe ni imara?"

"Huo? Huo unavuta ng'ombe, mzee wangu. Ng'ombe na ndama wake."

Seti nzima ilikuwa bei sawasawa na vile vikorokoro vya Babu Nathu na chenji kidogo juu. Mtu mwenye akili angejiuliza, inawezekanaje? Mimi nikavaa kizibao pale pale dukani.

Saa sita nilikuwa ndani ya basi la Nduguti. Nilipanda nimeshika mfuko wangu kama bunduki. Mama mmoja aliyekaa na kuku mapajani akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akauliza kwa adabu, "Samahani baba, ninyi ndio wa kupima barabara?" Nikamwambia mimi ni mvuvi. Akamsogeza kuku wake. "Mvuvi wa wapi?" Nikasema wa Sepuka. Basi zima likaangua kicheko, maana Sepuka tunavuna alizeti, samaki tunamwona akiwa mkavu. Mimi nikavaa miwani nikatazama nje.

Nduguti nilishuka saa tisa, nikachukua pikipiki. Baada ya zile ofisi mpya za serikali barabara inakuwa vumbi na miiba tu, na ng'ombe wengi kuliko watu. Mto niliuona jua likiwa bado juu. Nilitegemea mto mkubwa. Ni maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda polepole katikati ya matete, na kwenye kivuko yanafika magotini. Watu wanavuka hapo miguu mitupu na mizigo kichwani. Wanawake wanaingia humo humo kutega migono yao, ile mitego ya fito ya kunasia samaki.

Mama Salome alikuja mbio, halafu akasimama ghafla. "Yesu wangu! Shemeji, umekuja kuvua au umekuja kutuchanja?"

"Cheka tu. Kesho utaomba kambare."

"Mifuko yote hiyo ya nini?"

"Ya vitu."

"Vitu gani?" Akaifungua mmoja mmoja. Yote mitupu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, saa moja asubuhi, alinipeleka kwa Mzee Gunda. Huyu ndiye mkubwa wa kivuko, mzee wa zaidi ya miaka sabini, miguu yake imepasuka kama udongo wa kiangazi. Shikamoo, marahaba. Akaniambia sheria yao ni moja. Mgeni yeyote analowesha mshipi wake, anaufunga kwenye shina, anauvuta mwenyewe kwa mikono mbele ya watu. Ukikatika, haingii mtoni.

"Kwa nini, mzee?"

"Mshipi ukikatika, samaki anaondoka na ndoana au ndoana inabaki chini. Sisi tunapita hapa bila viatu."

Nikafunga mshipi wangu wa bluu. Nikavuta. Haukukatika kwa nguvu, hapana, uliachia tu, kimya, kama uzi wa shati la zamani. Nikafunga tena. Ukaachia tena. Mzee Gunda akauchukua, akaunusa, akaupindapinda kidoleni.

"Huu umeanikwa," akasema. "Jua limeula. Kaa na sisi, tazama wenzako. Mtu akienda mjini tutakuagizia mwingine."

Kukaa! Miaka tisa nimekaa! Damu ilinipanda. Nikaona wananionea wivu kwa seti yangu, wanataka niwe wa kuchezewa. Saa saba wote walipokwenda kula, nilizunguka nyuma ya matete, nikaukunja mshipi mara mbili, nikaweka chambo, nikatupa.

Kambare alishika. Nawaambia, sijapata furaha kama ile tangu nitoke shimoni. Fimbo ikapinda, nikazungusha gurudumu, meno yake ya plastiki yakasagika mkononi kama karanga, mshipi ukaachia. Kambare akaenda na ndoana yangu. Nikafunga nyingine. Hiyo ikanasa kwenye mzizi, nikavuta, ikabaki huko huko. Nikakunja fimbo, nikarudi. Mama Salome akauliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikwenda kujisaidia.

Ijumaa asubuhi, kabla ya chai, nilisikia Mama Salome akipiga kelele. Aliingia kutega mgono upande ule wa matete, mbali na ule mzizi. Tulimtoa watu wawili. Ndoana ya dhahabu, ile aliyoondoka nayo kambare, imezama kwenye unyayo mpaka shingoni, na nyuma yake unaning'inia mshipi wa bluu umekunjwa mara mbili. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Mzee Gunda aliisukuma itokeze upande wa pili, akakata ncha kwa koleo, akairudisha nyuma ikatoka. Mama Salome aliuma kanga. Alipopata pumzi alisema, "Shemeji, ungesema tu. Nisingepita pale."

Pale ndipo nilipomwona Lameck, yule mwenye shimo. Hakuwa mgodini, alikuwa amesimama ndani ya kile kizibao changu.

Mzee Gunda akanigeukia. "Zilikatika ngapi?"

"Moja tu, mzee wangu."

Nilisema hivyo. Mdomo wangu ulisema hivyo, mbele ya mguu ule.

Mama Salome akapelekwa zahanati kwa pikipiki kuchomwa sindano ya pepopunda. Mimi nikapanda pikipiki ya pili, ila yangu ilielekea Nduguti, na Nduguti nikapanda basi. Njia nzima nilikuwa namtukana Fadhili moyoni. Fadhili, Fadhili, Fadhili. Ilinisaidia nisifikirie jambo lingine.

Saa tisa mchana nilikuwa dukani kwake. Mshipi bado unaning'inia mlangoni, jua linaupiga. Ndani kuna mteja, mwanamume wa umri wangu, kizibao kama changu mabegani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, vuta huo mshipi." Akasita. Nikauvuta mimi. Ukaachia.

"Mzee, unaharibu mali ya watu!" Fadhili akaruka.

"Ng'ombe na ndama wake, siyo? Shemeji yangu yuko zahanati na ndoana yako!"

"Kwa bei ile ulitaka nini? Nani alikulazimisha?"

"Ulijua umeoza!"

"Nilijua nini mimi? Mimi nauza tu. Hujauliza, sijakwambia."

Yule mteja akavua kizibao taratibu, akatoka. Watu wakaanza kujaa mlangoni. Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa na maneno mengine mazuri sana ya kumwambia. Lakini hilo la "sijakwambia" lilinigeukia mwenyewe. Fadhili alificha mshipi mbovu. Mimi nilikuwa nimeacha ndoana ya pili kwenye mzizi, mahali watu wanapopita miguu mitupu, na hakuna anayejua ila mimi.

Nikavuka barabara. Babu Nathu hakusema "nilikwambia." Alipima mita thelathini, akanipa ncha moja, akashika nyingine, tukavutana pale dukani wazee wawili mpaka kofia yake ikaanguka. Haukukatika. Sikwenda Sepuka, nikarudi mtoni.

Jumamosi, saa sita, nilikuwa mbele ya Mzee Gunda. Nikamwambia kabla ya shikamoo, kosa kubwa, lakini niliogopa nikianza salamu nitanyamaza tena. "Zilikuwa mbili. Ya pili iko kwenye mzizi, au karibu yake."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alisimama akatangaza mtu yeyote asipite upande ule, akaniambia, "Vua viatu."

Niliitafuta siku ile mpaka mgongo ukagoma. Nilipapasa tope kwa mikono, kwa vidole vya miguu, kila jani lililonigusa nikidhani ndiyo. Watu walikaa ukingoni wakitazama, na wenye mizigo wakizungukia mbali kwa ajili yangu. Jumapili baada ya ibada nikaanza tena. Mama Salome aliletwa akakalishwa kwenye jiwe, mguu umefungwa kitambaa.

Saa nane niliipata. Niliipata kwa kisigino.

Nilipiga kelele ambayo nadhani walisikia ng'ambo yote. Mama Salome akaniangalia nimeshikilia mguu, maji yanachuruzika, akasema, "Haya, shemeji. Sasa umevua."

Nakaa huku mtoni hadi leo, nakula ninachokivua, siku nyingine hakuna. Ninyi mnaotaka kuanza, fimbo kateni porini. Mshipi ulioanikwa juani msiuguse hata ukipewa bure. Takeni wa kwenye sanduku, uvuteni kabla ya kulipa, na muuzaji akikataa, ondokeni mkimtaja jina lake njia nzima. Na siku ukikatika majini, usirudi ukasema ulikwenda kujisaidia. Simama pale pale, upige kelele, waambie ni wapi na ni ngapi.