Nilichagua Mahindi

Kwetu mwanamume hasalimiani kwa mkono na mama aliyemzaa mke wake. Hamli pamoja, hamketi chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia shambani mwa watu mpaka mwenzake apite. Vijana wa siku hizi wanacheka, ati hayo ni mambo ya zamani. Wacheke tu. Mimi nilishika hivyo tangu nioe, na nilijivunia. Nilikuwa nikiwasema wenzangu hapa upande wa Saboti, wale wanaoketi na mama wakwe zao wakinywa chai kama watu waliosoma darasa moja. Ndiyo maana aibu iliponipata, ilinipata vizuri.

Ilikuwa wakati wa kuvuna. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji Kitale na bado hawakuwa wamemruhusu kutoka hospitalini. Mama yake alikuja kutoka Ndalu kumsaidia, maana kidonda kile si mchezo, na huyo alikuwa mtoto wetu wa kwanza, hata kumshika hatukujua. Tukampa mkwe jiko lililo kando ya nyumba, akawa analala humo. Tuliishi boma moja kama watu wasiojuana. Akipika anaweka sahani yangu nje juu ya kigoda, anakohoa, anaondoka. Mimi nangoja kidogo ndipo natoka. Chakula chake kilikuwa kizuri, lakini sikuwa na wa kumwambia.

Mahindi nilikuwa nimeshayapukuchua na kuyaanika uani juu ya turubai. Zamani mvua ilikuwa na adabu, ukifika wakati wa kuvuna inakwenda zake. Siku hizi inakuja inapotaka. Na mahindi yakilowa yanashika ukungu, yakishika ukungu hata kuku huwezi kuwapa. Hayo yaliyokuwa pale uani ndiyo yalikuwa chakula chetu na pesa ya mbolea ya msimu unaofuata. Hatukuwa na mengine.

Basi mchana huo nilikuwa naoga, nijiandae kwenda kumwona mke wangu. Bafu yetu ni ya magunia na fito, nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimejipaka sabuni kichwa kizima niliposikia mlima unanguruma kwa radi, na kabla sijajimwagia maji matone yakaanza. Nikajifunga taulo haraka haraka, nikatoka mbio na povu machoni.

Mkwe wangu alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa ameshika pembe za turubai upande ule, anavuta alikunje juu ya mahindi. Ningekuwa na akili ningerudi. Lakini turubai lile halikunjwi na mtu mmoja, na upepo ulikuwa umeshaanza kulipiga. Nikashika pembe za upande wangu. Hatukusemezana. Tulivuta, mimi nikiangalia chini, na hapo ndipo nikasikia taulo linalegea.

Watu huniuliza kwa nini sikulishika. Wanauliza wakiwa wamevaa nguo zao, wameketi mahali pakavu. Ningeachilia pembe moja, upepo ungebeba upande mzima na maji yangeingia kwa mahindi yote. Nilikuwa na mikono miwili tu. Nikachagua mahindi.

Taulo likaenda. Nikabaki nilivyozaliwa mbele ya mama mkwe, mchana kweupe. Tulimaliza kufunika, nikaweka mawe juu ya turubai, sijui niliyawekaje, halafu nikakimbilia bafuni nikachutama humo mvua ikinipiga mgongoni. Nililia. Mwanamume mzima na ndevu zangu, nililia kwa aibu.

Nilipotoka nilikuta jiko limefungwa. Simu yake haipatikani. Jirani akaniambia amemwona akipanda boda, amejitanda shuka mpaka kichwani. Nikajua kwisha mimi.

Hospitalini nilimkuta mke wangu anafurahi, ameambiwa kesho anaenda nyumbani. Akauliza mama yuko wapi. Nilimweleza yote nikiangalia ukuta. Nilitegemea acheke, angalau kidogo.

"Siwezi kuinama," akasema. "Hata beseni ya kumwogesha mtoto siwezi kuinua. Kama mama harudi, sisi tukitoka hapa tunaenda kwao Ndalu. Na sijui tutakuja huko kwako lini."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekwisha kupanga, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Nilimwangalia mtoto amelala nikafikiri, huyu atakulia kwa watu kwa sababu ya taulo.

Asubuhi nikavuka upande wa Bungoma kumchukua baba mdogo kule Naitiri, maana jambo kama hilo hulipeleki mwenyewe. Nikanunua na blanketi, kwa kuwa kwetu mkwe akikuona uchi unampelekea cha kufunika aibu. Baba mdogo ni mtu wa heshima sana, ila masikio yake yamechoka, kwa hiyo huongea kama anahubiri sokoni. Hilo nililijua. Sijui kwa nini sikulifikiria.

Kule Ndalu baba mkwe alitupokea sebuleni. Mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta tu hapo, nasikia kijiko kikigonga sufuria. Baba mdogo akasimama, akavua kofia.

"Kijana yetu amekosea," akatangaza. "Jana amesimama uchi mbele ya mama yenu. Uchi kabisa, hapana hata soksi."

Kijiko kikanyamaza. Ng'ambo ya ua mtu alikuwa analima, na jembe nalo likanyamaza. Nilitamani ardhi ipasuke initwae.

Baba mkwe alikuna kidevu. "Hiyo sisi hatujasikia," akasema polepole. "Huyu mama alikuja hapa jana akilia, ati yeye ndiye amekukosea. Alikuwa amefua gauni, amebaki na kamisi na leso. Mvua ikaja, akatoa leso akaziba mahali turubai halikufika. Ati ukamwona na kamisi. Hata sasa tulikuwa tunashika kuku tukuletee, tuombe msamaha."

Mimi sikuona kamisi. Naapa sikuona. Nilikuwa naangalia chini na macho yamejaa sabuni.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, ikimwambia mumewe lakini ikinijia mimi. "Mwambie mimi sikuona kitu. Nilikuwa nimefumba macho kwa aibu yangu." Kijiko kikarudi kugonga sufuria. "Sasa ndiyo nimejua."

"Amesema nini?" akauliza baba mdogo, na baba mkwe akalazimika kumrudilia kwa sauti.

Blanketi walilipokea, kuku nikapewa. Mkwe alipanda boda ya mbele, mimi nikafuata kwa nyuma kabisa na kuku wangu kwapani, na mke wangu alipofika nyumbani jioni alimkuta mama yake ameshachemsha maji ya mtoto. Nilishukuru Mungu. Lakini aibu haikwenda popote. Habari ilitoka Ndalu ikafika Saboti kabla yangu, na mpaka leo nikipita njiani watu wananiuliza kama mahindi yalikauka. Najibu yalikauka, naendelea na safari.

Yule mtoto sasa anaweza kutumwa. Msimu huu mkwe alikuja kutusaidia kuvuna, akalala jikoni kama zamani. Juzi nilikuwa bafuni, sabuni kichwani, mlima ukanguruma. Nikakamata taulo kwa mikono yote miwili, nikasikia miguu midogo inakuja mbio.

"Baba," akaniita nje ya magunia, "nyanya amesema yeye na mama wameshafunika mahindi. Amesema wewe oga polepole."

Kule uani nikasikia mke wangu anacheka, halafu mtu mwingine naye akacheka, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikicheka. Nikabaki mle bafuni mpaka mvua ikaisha.