Simu Iko kwa Salimu

Mkeka wangu niliuona kwenye simu, umekanyagwa na miguu yenye hina ambayo si yangu.

Mimi naitwa Swaumu, nakaa Kwaluguru, nasuka mikeka ya ukindu tangu nikiwa msichana mdogo. Shule sikwenda. Baba aliwapeleka kaka zangu wawili, mimi akanipa jembe. Maneno haya nayasema mimi, binti yangu Maryamu anayaandika, na nimemwambia asiyapunguze makali.

Mume wangu Isihaka nilimpata akiwa utingo wa lori. Nililima, nikauza mikeka, akasomea udereva kwa jasho langu. Siku moja akaniambia, "Kuna imamu Korogwe anataka mkeka mzuri. Nipe ule wa chumbani, wewe utasuka mwingine." Nikaukunja mwenyewe, nikaufunga kamba, nikaupandisha kwenye lori. Baada ya hapo safari zake zikawa ndefu, mwisho hakurudi. Hakuniacha, hakuniweka. Talaka hakunipa, na mlango wangu hakuugusa tena.

Maryamu, ambaye anashona nguo kwenye kibanda pale Kabuku, alinihurumia upweke akaninunulia simu ya tachi. Akanifundisha. Majina siwezi kusoma, lakini kila mtu ana picha yake ndani ya duara, basi mimi nikawa nawajua watu kwa sura. Nikitaka kusema na mtu, nabonyeza sura yake, nashikilia alama ya kipaza sauti, naongea. Nikiona duara lina mstari wa kijani, najua mwenyewe ameweka stetasi.

Isihaka alikuwa ameweka stetasi. Mwanamke amekaa kwenye kochi, anacheka, na chini ya miguu yake mkeka wangu. Ningeujua hata gizani. Ile nakshi tunaiita nyayo za kanga, vidole vitatu vyeusi na kimoja chekundu nyuma, niliibuni mwenyewe mwaka niliomzaa Maryamu, nikiangalia alama za kanga wa porini kwenye mchanga wa shamba baada ya mvua. Hapa Kwaluguru hakuna mwingine anayeisuka. Wanawake wakiniuliza inaanziaje, nawaambia wamuulize kanga.

Kumbe imamu alikuwa na hina.

Tangu siku hiyo sikutulia. Alfajiri, kabla ya kutia udhu, naangalia simu. Nikichemsha maji, naangalia. Stetasi hukaa siku moja ikafutika, na mimi nilihakikisha hakuna iliyofutika kabla sijaiona. Leo wamenunua pazia, kesho wanakula samaki mto Pangani, keshokutwa mwanamke amevaa dera jipya. Nikimaliza za Isihaka naingia za wengine. Huyu amejenga, yule mwanawe amehitimu, hata mashemeji wasionipa salamu nilikuwa nachungulia vyumba vyao. Nikiweka simu chini, moyo umejaa uchungu. Nikiinuka, nimesahau nilichoinukia. Kuku nilimpiga teke kwa kosa la kuwa kuku.

Na mikono ikaharibika. Mkeka huanza na ukili, ule utepe mrefu wa ukindu unaosukwa kwanza, kisha ndipo unaushona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, mzunguko juu ya mzunguko. Ukili hauhesabiwi kwa mdomo, unahesabiwa kwa vidole. Ukiviacha vidole peke yake na kwenda kuangalia pazia la watu, ukirudi vimeshasahau. Nikawa nasuka asubuhi, jioni nafumua.

Katikati ya masika fundi wa pikipiki pale Kabuku, aitwaye Ramadhan, akaleta posa ya Maryamu. Kijana mwenye adabu, mikono ina grisi lakini maneno yake safi. Harusi ikapangwa baada ya mavuno.

Hapo ndipo shida yangu ilipokua. Kwetu, upande wa mama yangu, mkeka wa bi harusi husukwa na mama yake, na nakshi yake iwe haijawahi kulaliwa na mtu yeyote. Bibi alikuwa akisema, ukimpa mwanao nakshi iliyokwisha laliwa, umempa na machozi yaliyodondoka juu yake. Kwa hiyo nyayo za kanga haziwezekani. Mwanangu asilale juu ya ndoa yangu. Ilinibidi nibuni nakshi mpya, na nilikuwa na miezi miwili.

Nikakata ukindu, nikaanika, nikachana, nikachemsha rangi. Nikakaa. Vidole vikaanza kusuka, kidole kimoja, viwili, vitatu, na kimoja chekundu nyuma. Nyayo za kanga. Nikafumua. Nikaanza tena, nikaangalia simu kidogo, nikarudi. Nyayo za kanga. Mara ya tatu nilifumua huku nikilia kwa hasira, maana kichwani hamkuwa na picha nyingine yoyote.

Wakati huo ndugu walikuwa wameanzisha kundi la harusi kwenye Wasapu, na kwenye duara la kundi wakaweka picha ya Maryamu aliyopigwa siku ya posa. Dada yangu Mwanaidi, anayekaa Handeni mjini, kwa furaha yake naye akaweka picha hiyohiyo kwenye duara lake. Mimi ninayejua watu kwa sura, nifanyeje?

Asubuhi moja Isihaka akaweka stetasi nyingine, mwanamke amesimama juu ya mkeka wangu na viatu. Na viatu! Nikabonyeza sura ya Maryamu nikidhani nasema na dada yangu, nikafungua kinywa.

"Mwanaidi, umemwona yule kinu cha kuegemeza ukutani? Ana miguu kama michi miwili, na viatu juu, anakanyaga mkeka wangu! Mkeka niliousuka kiangazi kizima! Shemeji yako huyo akaniambia unakwenda kwa imamu. Imamu gani anavaa viatu vya kisigino? Namwombea ateleze juu yake aanguke na yule mwizi wake pamoja!"

Nikaachia. Sauti ikaenda. Nikajisikia nafuu kwa muda wa kumeza mate.

Kisha simu ikaanza kulia mfululizo. Nikabonyeza moja, nikasikia sauti nzito ya baba mkubwa wa Ramadhan. "Mkwe, asalaam aleikum. Hili ni kundi la harusi. Na imamu wetu wa Kabuku naye yumo." Nikabonyeza nyingine. Isihaka anafoka. Nikabonyeza ya tatu, imamu mwenyewe. Alikohoa tu, kisha akasema, "Mimi sina mkeka wa mtu." Watu wakacheka kundi zima, sauti za kucheka nikazisikiliza zote hadi ya mwisho, kwa kuwa sikujua namna ya kuacha. Na yule mwanamke alikuwamo kundini.

Kesho yake Maryamu akashuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunisuta?"

"Nimekuja kuangalia mkeka."

Nikamwonyesha pembeni, fungu la ukindu uliofumuliwa, umepinda kama nywele za kichaa. Akaushika, akauweka chini taratibu.

"Wakwe wamecheka, mama."

"Wacheke. Meno yao."

"Kucheka sijali. Ila zimebaki wiki tano." Akaendelea bila ukali wowote, "Basi nitanunua wa plastiki pale Korogwe. Siku hizi wengi wanafanya hivyo. Wewe pumzika."

Angenitukana ningemjibu. Lakini alisema vile kwa huruma, kama mtu anayemwambia mzee asiinuke. Aliyenidhulumu alishachukua mkeka mmoja, na sasa nilikuwa nampelekea wa pili kwa mkono wangu mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kwa Salimu. Kwangu umeme haujafika, na Salimu ana kibanda chenye sola, anachaji simu za watu.

"Umeleta mgonjwa?" akaniuliza.

"Mgonjwa ni mimi. Hii nakuachia. Nitakuja Jumamosi baada ya alasiri, nitakaa hapa kwenye benchi lako niangalie, ukifunga kibanda nakurudishia. Siku nyingine hata nikikuomba usinipe."

"Na wakikupigia?"

"Pokea. Kama ni msiba au Maryamu, niite. Kama ni umbea, waambie nimekwenda shamba."

"Na nikiona baba Maryamu kaweka picha?"

"Ameziweka bila mimi siku zote, Salimu."

Usidhani ilikuwa rahisi. Siku ya kwanza mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye pindo la kitenge, pale nilipozoea kuifunga simu, unakuta pindo tupu. Mchana nikaenda kibandani nikasema nataka chumvi. Salimu akaniangalia juu ya miwani. "Mama Maryamu, mimi chumvi siuzi." Nikarudi nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

Siku ya tatu akaja Naishorua na maziwa. Huyu ni mama wa Kimaasai kutoka bondeni, tumebadilishana maziwa na mikeka kwa miaka, hata salamu ya kwao nimeijua.

"Takwenya, mama Maryamu!"

"Iko!" nikamwitikia kwa Kimaasai. "Kaa."

Akakaa, akaanza kusimulia juu ya ndama wake aliyekataa kunyonya. Nikamuuliza alimpa nini. Akasita, akanitazama.

"Leo umenijibu."

"Kwani siku zote sikujibu?"

"Tangu mvua zianze nazungumza na paji lako la uso tu. Simu imekufa?"

"Iko kwa Salimu."

"Vizuri. Ikae huko, ile ndiyo ndama wako anayenyonya mpaka damu." Akacheka mwenyewe, shanga za masikioni zikacheza. Nami nikacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba Naishorua anachekesha.

Siku ya sita nilikuwa nimekaa mlangoni, ukindu mapajani, sisuki. Mvua ilikuwa imekatika. Siafu wakaanza kuvuka uwanja, mstari mweusi mnene, kutoka kwenye kichaka kwenda kwenye shimo la takataka. Katikati ya uwanja pana jiwe ninaloliwekea mtungi. Zamani ningeleta majivu ya moto niwafukuze, au ningekuwa nimeinamia simu mpaka waniume. Siku ile niliwaangalia tu. Walipofika kwenye jiwe wakagawanyika, nusu huku, nusu kule, wakalizunguka, wakakutana tena mbele na kuendelea na safari kana kwamba jiwe si kitu. Nilikaa pale mpaka wa mwisho alipopita. Uwanja ukabaki na jiwe.

Nikachukua chane mbili nyeusi za ukindu, nikazisuka bega kwa bega, kisha nikaziachanisha, nikaweka nyeupe katikati, nikazirudisha zikutane. Mara ya kwanza zilikutana vibaya, upande mmoja ukawa mrefu. Nikafumua. Safari hii sikulia, maana nilijua ninachokitafuta. Mara ya pili zikakutana. Nikaupindua ukili mbele ya jua, nikasikia joto kifuani ambalo sikuwa nimelisikia tangu ule mwaka wa kanga.

Jumamosi nikaenda kwenye benchi la Salimu kama nilivyosema. Isihaka alikuwa ameweka kabati jipya la vyombo. Iliniuma. Lakini iliniuma Jumamosi, na Jumapili nikarudi kwenye ukili wangu. Jumamosi ya pili nilikaa muda mfupi zaidi. Ya tatu nilimsikiliza Maryamu, nikamwitikia Mwanaidi, ambaye sasa ameweka sura yake mwenyewe kwenye duara, nikamrudishia Salimu simu kabla hajaanza kufunga.

"Imejaa chaji tangu juzi," akasema. "Wewe ndiye mteja wangu asiyemaliza moto."

Mkeka niliumaliza siku nne kabla ya harusi. Nikaupeleka Kabuku mwenyewe, nimeupakata kwenye bodaboda. Walipoutandaza ndani, wanawake wakapiga vigelegele, kisha wakainama wote kutafuta nakshi inaanzia wapi. Maryamu alivua viatu nje ya mlango, akaingia, akakaa katikati ya mkeka, akapitisha kiganja juu ya zile njia mbili. Ule wa plastiki hakuwa ameununua.

Isihaka alikuja, amevaa kanzu mpya. Tulisalimiana kwa sababu ya watu. Sijamsamehe, na sina haraka.

Yule mwanamke naye alikuja. Alisimama mlangoni, viatu mkononi, akanisogelea nilipokuwa peke yangu jikoni nachagua mchele.

"Dada Swaumu," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi aliniambia ule mkeka ameununua gulioni Handeni. Nilijua siku ile nilipokusikia kundini. Nimeukunja. Uko juu ya kabati. Ukitaka nitautuma na basi."

Niliendelea kuchagua mchele. Nilikuwa nimemwandalia maneno msimu mzima, na mengine nilishayatuma kwa imamu. Nikamtazama miguu. Haikuwa kama michi. Ilikuwa miguu ya mtu tu, imepasuka kisigino kama yangu.

"Ule kaa nao," nikamwambia. "Sitaulalia tena."

Akatoa simu, akaniomba kwa aibu apige picha mkeka wa bi harusi aweke stetasi, amwambie kila mtu nani aliyeusuka.

"Piga," nikasema. "Ila mimi nitaiona Jumamosi, kama haijafutika."

Nikamsogezea ungo wa mchele. Akaketi, akaanza kuchagua upande wake.