Katuni Niliyomficha Mama

Sisi tuliolelewa Makadara kabla simu hazijaanza kuingia mifukoni hatukusoma kitabu cha katuni mtu mmoja mmoja. Huo ungekuwa uchoyo, na uchoyo ulikuwa na dawa yake, kofi la kisogoni. Kitabu kikiingia ploti, yaani ua wetu wa vyumba vya kupanga, kilikuwa cha ploti nzima. Tulijazana kwenye ngazi za nyuma, penye harufu ya sabuni ya kufulia na dagaa wa omena wa jirani, na katikati yetu aliketi kijana tuliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzima. Redio ndiye aliyesoma kwa sauti. Jambazi akipigwa, Redio alipiga kelele "Puu!" na mate yake yakatufikia hata sisi wa ngazi ya chini. Wadogo tuliokosa nafasi nyuma yake tulikaa mbele tukakitazama kitabu juu chini, na ndiyo maana hadi leo nasoma maandishi yaliyogeuzwa bila taabu. Bosi wangu haelewi ni vipi najua kila barua iliyo mezani kwake, nami sina haraka ya kumweleza.

Adui wa katuni alikuwa Mama. Alitoka Bungoma na imani mbili: Mungu yupo, na kitabu cha picha hakijawahi kumpa mtu kazi. Kila alfajiri alikaanga mandazi ya kuuza langoni, na kila katuni aliyotunyang'anya aliirarua kurasa akafungia mandazi. Hadithi ikikatikia mahali patamu, ilibidi twende tukanunue mandazi ya Mama ndipo tujue kama jambazi alikamatwa. Tena hukuchagua ukurasa. Ungeweza kula hadi tumbo likauma na kuambulia mwanzo tu, mafuta yameloweka uso wa askari. Hadithi moja mwisho wake ulienda na mwenye nyumba, naye hakuwa mtu wa kuulizwa maswali, hasa mwisho wa mwezi. Mpaka leo sijui kama msichana wa hadithi ile, aliyetupwa kisimani, aliokolewa au aliachwa humo. Mama alipoona mauzo yamepanda, alisimama kanisani mbele ya watu akamshukuru Mungu kwa ile hamira mpya.

Watoto wetu wana hadithi za dunia nzima kiganjani, na bado wanasema wameboeka. Binti yangu Neema yuko kidato cha tatu. Akisoma kitu cha kuchekesha hacheki, anapuliza pumzi kidogo puani kisha anaendelea kusogeza kidole. Ndiyo maana nilifurahi aliporudi nyumbani kwetu Njiru na kitabu kinene cha katuni alichoazima shuleni. Nikakichungulia nikiwa nasonga ugali, na ugali ukaungua. Kilikuwa kisa cha kweli, cha lile bomu lililolipuka katikati ya mji tulipokuwa watoto. Picha kwa picha: moshi, vioo, watu wakitoka kwenye vumbi kama waliomwagiwa gunia la unga.

Sasa, Mama alikuwa mjini siku ile. Sisi tulichojua ni kwamba aliondoka asubuhi, na jioni akaingia mlangoni miguu mitupu, vumbi hadi kwenye kope. Ndugu yangu Simiyu, ambaye hata leo huongozwa na tumbo, alimuuliza mkate uko wapi. "Mjini hakuna mkate leo," Mama akasema, akawasha jiko, akapika, akatuuliza habari za kazi ya shule. Nimemuuliza nikiwa msichana, nikiwa mke wa mtu, nikiwa mama. Jibu ni lile lile: "Nilienda mjini, nikarudi."

Amezeeka sasa, anaishi nasi, na nimekuwa nikiogopa ataondoka duniani na siku hiyo nzima bila kunipa hata kipande. Lakini niliogopa zaidi kwamba kitabu kile kingemuumiza. Basi mimi, mwanamke mzima ninayemeza dawa za presha, nikafanya nilichofanya nikiwa mtoto. Nikaificha katuni chini ya godoro.

"Nekesa!"

Sauti ilitoka chumbani kwangu, nami nikakimbia kama bado niko Makadara. Akina mama wa enzi zile hawajasahau kazi yao ya kupekua magodoro. Nilimkuta Mama amekaa kitandani, miwani puani, kitabu mapajani. Neema alisimama kando, hajui kama acheke au akimbie.

"Huu ndio utu uzima?" Mama akaniuliza. "Kuficha katuni?"

"Zii, Kukhu," Neema akamwambia nyanya yake. "Si ya mathe, ni yangu. Na hiyo ni stori ya ukweli, ticha alisema tuisome."

"Najua ni ya ukweli. Kwani mimi sikuwepo?"

Akaendelea kufunua. Kila ukurasa aliusogelea hadi pua ikagusa karatasi, akaupekua kona kwa kona. Nikadhani ni macho, nikamuuliza kama nimletee miwani ile nyingine.

"Naona vizuri," akasema. "Namtafuta mtu."

Tukakaa, mmoja huku, mmoja kule. Akatueleza bila kuinua kichwa. Baada ya mlipuko hakuona chochote ila vumbi, wala hakujua njia ni ipi. Mtu akamshika mkono, akamvuta. Walipofika penye mwanga akaona ni mwanamke mwenye sweta ya njano. Wakaifuata Barabara ya Jogoo kwa miguu, hawakuachana mikono wala hawakusema neno. Walipofika Makadara, Mama akamwambia, "Mimi nimefika." Yule akaitikia kwa kichwa, akaendelea na safari yake.

Nilikuwa naanza kulia, lakini Mama alinitangulia kwa hasira. "Na mchoraji naye! Kitabu kizima hakuna rangi! Sweta ya njano nitaijuaje?"

Neema alikuwa tayari ametoa simu. Watoto hawa ukiwapa jina la mtu wanakuletea picha za harusi yake na za mbwa wake. "Kukhu, nipe jina tu, saa hii tunampata."

"Ningekuwa na jina lake ningemwalika harusi ya mama yako."

"Basi alikaaje?"

Mama akafikiri. Uso hakuukumbuka, ulikuwa vumbi tupu. Akauchukua mkono wa Neema, akaukandakanda kiganja. "Huu laini mno. Wake ulikuwa mgumu, wa mtu anayefulia watu nguo." Akaujaribu na wangu, akautua.

Enzi zetu ukimtafuta mtu ulibisha mlango kwa mlango. Leo wanabonyeza tu, na mtu anatokea. Lakini hakuna simu unayoweza kuiambia, nitafutie mwenye mkono huu. Neema aliitazama yake, akaiweka kitandani. Tukarudi ukurasa wa kwanza, vichwa vitatu juu ya kitabu kimoja, tukaanza kuangalia mikono.