Aliyekataa Kushikwa Mkono

Jumapili iliyopita, nje ya kanisa moja huko Muleba, mama mmoja alimwendea mama mkwe wake aliyekaa kitini. Mumewe akamnyoshea mkono amshikilie. Akausukuma.

"Acha, baba. Leo sishikwi."

Wifi yake, aliyesimama karibu nami, akaninong'oneza kisa. Kwetu mke humsalimia mama mkwe kwa kupiga magoti. Siku ya Krismasi mama huyu alipiga, akashindwa kuinuka mpaka akanyanyuliwa na wanaume wawili. Tangu hapo akawa anasalimia akiwa wima, na bibi, yaani mama mkwe, akawa anamwita "polisi", kwa kuwa askari husalimia wima. Daktari alishamwambia afanye mazoezi, asifanye. Neno "polisi" ndilo lililomtoa kitandani. Kila alfajiri, hata kwenye mvua, alipanda kilima kilicho nyuma ya migomba yao, kisha akarudi kuchuchumaa na kuinuka jikoni.

Sasa alishuka, goti moja, kisha la pili. Akasalimia. Akainuka bila kugusa mtu. Watu wakapiga makofi.

Bibi alibaki amekunja mikono. "Mbona umeinuka haraka? Sijamaliza kuitikia."

Mama akacheka, akapiga magoti tena, akatulia hapo mpaka bibi alipomaliza kuulizia watoto, kahawa na ng'ombe. Kisha akainuka tena, peke yake.

Bibi akamnyoshea mkono. "Haya, polisi. Na mimi niinue."

Mjini Bukoba nina marafiki waliolipia gym wakaacha mapema. Nadhani walikosa mama mkwe.