Mishipa Haijui Kuvumilia

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo napandwa na hasira, na mimi sasa ni bibi wa kutembelea fimbo. Ilikuwa miaka ile biashara huria ilipofunguliwa, mitumba imejaa soko la Kwa Mrombo, na kila mwenye shamba chini ya Mlima Meru anatafutwa na mnunuzi. Kwetu akaja mtu wa maua. Alitaka kahawa ya mama ing'olewe, apande waridi za kupeleka Ulaya.

Mama alikuwa mjane. Kahawa ile aliipalilia tangu alipoolewa, nayo ndiyo iliyotusomesha. Lakini kwa mila shamba lilikuwa la ukoo, na msemaji wa ukoo alikuwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Akaitisha kikao sebuleni kwetu. Wanaume wakakaa kwenye makochi. Mama akapika ndizi na nyama, akawagawia, kisha akaketi karibu na mlango, kama desturi ilivyomtaka mke aliyeolewa katika ukoo. Haulizwi, wala hasemi.

Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa baiolojia, nimekuja likizo. Mama aliponipa sahani niligusa vidole vyake. Vilikuwa vya baridi kama vya mtu aliyetoka kufua mtoni, na ndiyo kwanza atoke jikoni kwenye moto! Nikasimama.

"Shikamoo, baba mkubwa. Mama ana presha, na vidonge ameacha. Naomba na yeye aulizwe."

"Marahaba. Kaa chini, mwanangu. Elimu yako ipeleke darasani. Mama yako ni mvumilivu, si unaona alivyotulia?"

Ametulia! Neno hilo linanichoma mpaka kesho. Hebu nikwambie kilichokuwa kikiendelea ndani ya huyo aliyetulia.

Mishipa inayopeleka damu mwilini imezungukwa na ncha za neva. Mtu akishikwa na hofu au hasira, neva hizo humwaga kemikali za kuibana. Nyingine hufanya kazi upesi na kuisha. Lakini mkazo ukizidi, hutoka pia vipande vidogo vya protini viitwavyo peptidi, na mojawapo hubana mshipa polepole, kisha hukawia kuuachia. Mungu hakutuacha hivi hivi. Ziko neva nyingine zenye peptidi za kulegeza mishipa, na ndizo hufanya ngozi iwake moto ukijipaka pilipili. Mwenye afya hubanwa, kisha hulegezwa. Mama alibanwa miaka. Moyo unasukuma damu kwenye njia nyembamba, presha inapanda, kuta za mishipa zinakakamaa, na watu wanaangalia uso tu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walisema, lakini wazee wa sebuleni kwetu walikuwa wamesahau.

"Basi, tumekubaliana," baba mkubwa akasema. Mama akainuka kukusanya sahani, zikamponyoka. Mdomo ukaenda upande. Mmoja akasema amerogwa, mwingine akataka tuombe kwanza. Hapo akasimama shangazi, dada yao baba na baba mkubwa, mwanamke pekee waliyemsikiliza kwa kuwa alizaliwa ukoo ule.

"Mchawi gani? Mmemfunga mdomo, halafu mnamsifu kwa kunyamaza! Washeni gari!"

Baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyeendesha pikapu mpaka hospitali ya mjini.

Sisemi kikao kimoja ndicho kilichomwangusha. Daktari alitueleza kuwa ni kiharusi, kwamba presha ilikuwa imemla muda mrefu, na vile vidonge vingeweza kumkinga. Aliviacha kwa sababu kila aliyemwona alimwambia, mbona wewe huna shida. Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, lakini ni nani aliyemfundisha kuficha?

Alipona nusu. Mkono wa kulia ulibaki mzito, na karibu maneno yake yote yakapotea. Baadaye baba mkubwa akarudi na mtu wa maua. Safari hii akamwinamia mama, akamuuliza kwa upole, "Shemeji, tuendelee na ile habari ya shamba?"

"Hapana," mama akasema. Akarudia, "Hapana!" kwa sauti iliyofika kwa jirani.

Lilikuwa karibu neno pekee lililobaki kinywani mwake. Mtu wa maua akaondoka, kahawa ikabaki. Mimi nililia, na sikulia kwa furaha. Neno lile alikuwa nalo siku zote, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, mvumilivu hula mbivu ni methali ya anayengoja ndizi ziive. Usimwambie mtu anayeumizwa. Pima presha hata ukijisikia mzima, na vidonge usiviache mpaka daktari aseme. Usimeze hasira ukaiita adabu; sema mapema, na kwa heshima. Siku ukiwa mkubwa wa kikao, usitamke kwamba mmekubaliana kabla hujamsikia aliyekaa kimya. Mungu ailegeze mishipa yako, aupunguzie moyo wako mzigo, na akupe watu wa kukuuliza ungali na maneno yako yote.