Baba na Mashine ya Bisi

Baba alikuja kwangu Mbeya kwa ajili ya presha, akiwa na begi moja la nguo na kimfuko cha mahindi ya bisi. Kimfuko alikipakata njia nzima kutoka Igowole. Hakutaka kikae kwenye buti la basi na mizigo ya watu. Alipofika getini kwetu, hapa mtaa wa Soweto, mume wangu alimpokea begi. Aliponyoosha mkono apokee na kimfuko, baba akakihamishia upande wa pili.

"Hiki niachie, mkwe."

Lazima nieleze kuhusu baba na bisi. Ni mkulima wa mahindi na viazi, Mlutheri wa kukaa benchi la tatu kutoka mbele, mtu wa maneno machache. Jikoni hakuwa akiingia kabisa, isipokuwa ule msimu wa baridi ya Mufindi, ukungu unaposhuka mpaka mlangoni. Hapo alikuwa anamwambia mama apumzike, anachukua sufuria mwenyewe, anamimina mafuta, anatia punje na kufunika na sinia. Sisi watoto sita tulisimama kimya kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Punje ya kwanza ikigonga sinia, baba aliitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba imemjibu vizuri swali aliloiuliza.

Sasa hospitalini daktari, dada mdogo tu kwa umri, alimsomea masharti yake. Chumvi apunguze. Mafuta asahau kwanza. Baba alisikiliza yote bila kupinga, kisha akauliza swali moja.

"Na bisi?"

"Bisi hazina shida, mzee. Ila bila mafuta."

Baba akanigeukia mimi, kama vile ndiye niliyesema. "Bila mafuta zitapasukaje?"

Jibu lililetwa na wifi yangu anayeishi Dar es Salaam. Alitutumia kwa basi mashine ya bisi inayotumia upepo wa moto. Inafanana na jagi kubwa la plastiki lenye mdomo mpana. Chini ina feni na waya unaowaka, unatia punje, unawasha, zinazungushwa na upepo mpaka zipasuke na kumwagikia kwenye bakuli. Nilipoiwasha tupu ili tuijaribu, ikanguruma nyumba nzima. Baba aliizunguka mara mbili.

"Hii ni ya saluni," akasema. "Ya kukaushia nywele."

Hata hivyo akaenda kuleta kimfuko chake. Punje zake zilikuwa nyeupe, ndogo, zenye ncha kama mchele. Alizichagua mwenyewe shambani, gunzi kwa gunzi, akazitundika juu ya moto jikoni kwa mama, zikakaa kwenye moshi misimu miwili. Kwake yeye hakukuwa na punje bora kuliko hizo kuanzia Igowole mpaka Tunduma. Akamimina kikombe kizima kwa mkono wake. Nikawasha.

Nusu ya punje ziliruka nje mbichi vilevile, zikatawanyika chini ya makochi kama shanga zilizokatika uzi. Nyingine zilibaki zinazunguka, zinazunguka, mpaka tukaanza kusikia harufu ya kuungua. Nilipozima, bakulini mlikuwa na bisi chache sana, ndogo, zilizojikunja kama zinaona aibu. Mume wangu akakohoa. Ninamjua, kile hakikuwa kikohozi.

Baba akachukua kofia yake. "Mashine mbovu," akasema, akatoka nje kuangalia migomba.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, shule ya msingi. Nafundisha watoto kwamba jambo usilolijua lijaribu tena kwa kubadilisha kitu kimoja. Kesho yake nikanunua pakiti ya punje za njano dukani, nikazitia kwenye mashine ileile. Zilijaa beseni. Nilijua ninafanya kosa wakati nalibeba beseni kwenda sebuleni, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Lilikuwa jeupe limefurika, na baba alikuwa ananitazama.

Akaonja moja. Akaonja ya pili.

"Zina ladha ya karatasi," akasema. Akaendelea kuonja mpaka akafika chini ya beseni.

Jioni ile hakutaka kusikiliza taarifa ya habari, na kwa baba hiyo ni dalili kubwa. Nikajua nimemuumiza. Jumamosi nikamwomba anisindikize sokoni, nikimwambia sijui kuchagua punje nzuri. Akavaa koti.

Sokoni kuna mama mmoja wa Kinyakyusa anayeuza nafaka, mnene, mcheshi, aliyezungukwa na ndoo za maharage, karanga na mchele wa Ubaruku. Baba akasimama mbele ya ndoo ya bisi akaanza kazi. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko akatoa punje za chini, maana juu, alisema, kila mtu anapamba. Akazipuliza vumbi. Akatafuta tundu za fukusi. Zile zilizopasuka ngozi akazitenga akisema, "Hii hata ukiisomea sala haitapasuka, pumzi yote imeshatoka." Kisha akatia moja mdomoni, akaing'ata, akatulia. Akatia nyingine.

"Mzee," mama akasema, "unanunua au unakula cha mchana?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Ikivunjika kama kioo, imekauka mno. Jino likizama, ni mbichi. Inatakiwa iwe katikati." Akang'ata ya tatu. "Hizi zako ziko katikati."

Mama akacheka mpaka akashika ndoo. "Lazima ziwe katikati! Nazifunika. Ukiziacha kwenye gunia wazi, baridi na upepo wa huku vinazikausha. Juu ya moshi ndiyo kabisa, zinageuka changarawe."

Nikatazama maharage. Sikuthubutu kumtazama baba.

Akajifanya anapanga punje kiganjani. Halafu akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya jirani, "Na zikishageuka changarawe?"

"Maji, mzee. Kijiko kimoja tu kwa chupa. Funga, tikisa, weka. Kesho tikisa tena. Siku nne, tano, zinarudi."

"Hm," akasema baba. Ile "hm" ya kukataa. Tukanunua bisi za yule mama, kopo moja la sado, tukarudi nyumbani, na habari ile hakuigusa tena.

Jumatatu alfajiri nikasikia mlio chumbani kwake. Cha-cha-cha-cha. Kimya. Cha-cha-cha-cha. Jumanne tena. Mume wangu akainua kichwa kwenye mto.

"Baba yako ameanza kupiga kayamba?"

"Labda anafanya mazoezi aliyopewa na daktari," nikasema.

Siku ya nne nikampelekea chai mapema kuliko kawaida. Nikamkuta amesimama dirishani na chupa ya jamu mkononi, ndani yake punje nyeupe za Igowole. Aliganda. Mimi nami niliganda na kikombe changu.

"Baba, hiyo ni dawa gani?"

Alifikiri. Baba hasemi uongo, kwa hiyo ilimchukua muda.

"Wewe si huwa unachaji simu?" akasema mwishowe. "Mimi nachaji bisi." Akaiweka chupa nyuma ya pazia. "Usimwambie mumeo."

Kuanzia hapo tukawa washirika. Mchana nikitoka shule, mume wangu akiwa bado kazini, tulifanya majaribio. Punje zikawa zinapasuka sasa, ila zile ndogo kabisa bado zilirushwa nje na upepo kabla ya wakati wake. Baba akapata dawa mbili. Kwanza akaketi na ungo, akachambua kubwa kwa ndogo. Ndogo akaniambia ni za sufuria, zisubiri siku daktari atakapolegeza masharti. Pili akachonga kipande cha mti, akakiweka chini ya mashine upande wa mbele ili ilale kidogo nyuma, kama mtu anayenyolewa ndevu. Hapo punje nzito zikatulia ndani mpaka zilipoiva zenyewe. Tulifunga milango ili majirani wasisikie ule mngurumo, kama watu wanaopika gongo.

Alhamisi ya wiki iliyofuata jumuiya yetu ya kanisa ilikuja kusali kwetu, maana ilikuwa zamu yetu na walitaka kumwombea mgonjwa. Baba akatangaza kwamba wageni atawahudumia yeye. Akaketi kwenye kona karibu na soketi, mashine miguuni, imeshatiwa punje.

Ibada ikaenda vizuri mpaka sala ya mwisho. Mzee wa kanisa aliyesali ana desturi ya kukaribia amina, kisha anakumbuka jambo. Akashukuru, akabariki nyumba, akashusha sauti, akasema "kwa jina la Bwana wetu", na baba, akiwa amefumba macho kama wote, akabonyeza swichi.

Mzee alikuwa bado hajamaliza. Alikuwa amekumbuka wasafiri. Mashine ikanguruma. Mzee akapandisha sauti. Mashine nayo ikapata moto. "Na uwaponye," mzee akapaza, "magonjwa ya kila namna!" na hapo punje ya kwanza ikapasuka. Ya pili. Kisha zote kwa pamoja. Baba alikuwa ametia vikombe viwili kwa sababu ya ukarimu. Nikafumbua jicho moja: bakuli limejaa, bisi zinamwagika kwenye zulia, zinatambaa kuelekea viatu vya mzee wa kanisa. Moja ilitua begani kwake ikatulia. Nilipotazama pembeni nikakuta kila mtu ana jicho moja wazi.

"Amina!" mzee akasema, haraka kuliko siku zote nilizomjua, na nyumba nzima ikaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza.

Tulikula zote, hata za kwenye zulia zilizoangukia pasafi. Zilikuwa ndogo, laini, na zilikuwa na ladha ya moshi kwa mbali, kama jikoni kwa mama. Bibi mmoja wa Kisafwa, mkulima wa huko milimani, akamgeukia baba.

"Mzee, punje hizi za wapi?"

"Za kwangu, Igowole."

"Mbona mimi nalima hizihizi, na kwenye mashine ya mwanangu hazipasuki?"

Nikainama kuokota bisi ambayo haikuwepo. Mume wangu alikuwa anasikiliza, na siri ilikuwa siri.

"Zimekauka," baba akasema. "Hata zangu zilikuwa zimekauka, nikasema mashine mbovu. Mama mmoja sokoni ndiye aliyenifundisha."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia baba akisema amefundishwa kitu na mtu. Alisimama akaenda chumbani, akaleta chupa ya jamu, akamwonyesha yule bibi: kijiko kimoja cha maji, si viwili, mfuniko ubane, utikise asubuhi na jioni. Akamng'atisha punje mbili, moja kavu na moja iliyorudi, asikie tofauti. Bibi akang'ata kwa jino lake la pembeni, akafumba macho, akasema, "Eee!" Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Presha ikashuka, si sana, ila daktari aliridhika. Siku mbili kabla ya kuondoka, baba alianza kuifuta mashine kwa kitambaa, bila sababu.

"Naona ninyi mna shughuli nyingi," akasema. "Hamna muda nayo."

Tukamfungia mashine kwenye boksi lake. Safari hii alipakata boksi, na kimfuko kikaingia kwenye begi. Mama ananiambia kwenye simu kwamba msimu huu baba amezipanda bisi ng'ambo ya kijito, mbali na mahindi makubwa, zisichanganyike mbelewele, ule unga wa maua ya mahindi, na kwamba jikoni kwake sasa kuna chupa nyingi kuliko zahanati.

Mimi hapa Soweto nimebaki bila mashine. Mume wangu anasema tuagize nyingine. Nimemwambia asubiri, baba atakuja kliniki baada ya mavuno, analeta punje mpya, na ameshasema hataki zitiwe kwenye mashine ambayo hajaikagua.