Sadini wa Polikseni

Kwa miaka thelathini na moja, Polikseni alikuwa akiipikia divai ya mumewe, Anestis, kama mtu anavyompikia mgeni mwenye makuu. Divai nyekundu ya Naoussa, mji wao wa kaskazini mwa Ugiriki, ni chachu, na ukakasi wake hukaza ulimi, kwa hiyo Anestis hakukubali ikae mezani bila mbuzi, sungura, au nyama iliyotokota na nyanya tangu asubuhi. Wateja wa mgahawa wao walisifu pipa kwanza, sufuria baadaye. Magoti ya Polikseni yalikuwa yamevimba, na harufu ya mafuta ya mbuzi ilimfuata hadi kwenye mto wake.

Alizaliwa kisiwani Limnos. Kwao walikunywa divai nyeupe inayonukia maua, kwa sadini wa kuchoma. Anestis aliionja siku ya harusi, akasema ni maji ya kusuuzia bilauri. Tangu mwaka ule Polikseni hakuitaja tena.

Mavuno ya safari hii, siku ya nane ya kulisha wachumaji wa zabibu, mikono ilimgomea. Alikuwa akikata paja la mbuzi. Akaweka kisu chini, akavua aproni, akapanda basi la Thesalonike, jiji la pwani. Mchana wachumaji walikula mkate na jibini.

Alirudi alasiri na kilo tatu za sadini na chupa nne za divai ya Limnos. Akawachoma samaki kwa chumvi, akakamulia limau, akaandaa meza uani. Anestis alikuja na bilauri yake nyekundu. Alitafuna samaki, akanywa, akakunja uso. Mdomo ulimjaa ladha ya chuma.

"Samaki wako wameniharibia divai," alisema.

Polikseni hakupaza sauti. "Nimechoka, Anestis. Kila siku waniuliza mbuzi ameiva? Hujaniuliza hata mara moja mimi ninataka kula nini."

Wachumaji wakainamia sahani zao. Anestis akajimiminia nyeupe. Alikula samaki watatu. Kwa shingo upande akakiri kwamba samaki na divai hiyo vinaelewana.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mwaka wa kwanza."

Siku hizi Jumatano ni ya samaki, na Anestis ndiye anayewaparua magamba, tena vibaya. Siku nyingine ni mbuzi yuleyule, na magoti hayajapona. Lakini Jumatano Polikseni hula akiwa ameketi.